Kulegeza Nyonga na Kuimarisha Hatua: Mazoezi Yasiyohitaji Vifaa kwa Anayeanza

Mama wa miaka 66 anateleza uani asubuhi akiwa amebeba ndoo ya maji. Havunjiki mfupa. Anachubuka kiwiko na kupata maumivu ya ubavu yanayokwisha baada ya wiki mbili. Hata hivyo, tangu siku hiyo nyumba nzima inabadilika kwa ajili yake. Wajukuu wanamtekea maji, binti yake anamletea chakula alipo, na kila anapotaka kuinuka husikia, "Bibi, wewe kaa tu, tutakuletea." Naye anakaa. Miezi sita baadaye hawezi tena kuketi mkekani na wenzake msibani, kwa kuwa hainuki bila kushikwa mikono. Anaswali akiwa juu ya kiti. Choo cha kuchuchumaa kimekuwa shida anayoona haya kuisema. Siku anapofikishwa kliniki anaambiwa kwamba huo ni uzee.

Mama huyu hatajwi jina kwa sababu wako wengi mfano wake, na mhudumu wa afya aliyefanya kazi kwa muda amekwisha kumwona. Kilichompata kina maelezo ya kitabibu. Umri una sehemu yake, lakini miezi sita ni muda mfupi mno kwa umri peke yake kumfikisha hapo. Sehemu kubwa ya udhaifu wake imetokana na kukaa, na kilicholetwa na kukaa kinaweza kupunguzwa kwa mwendo. Makala haya yanaeleza jinsi nyonga na uthabiti wa mwili vinavyofanya kazi pamoja, mazoezi ambayo anayeanza anaweza kuyafanya nyumbani kwa uzito wa mwili wake tu, na dalili zinazomtaka mtu aonwe na daktari kabla ya kuanza.

Nyonga na kazi yake

Nyonga ni mahali ambapo kichwa cha mviringo cha fupa la paja huingia katika kikombe cha fupanyonga. Nyuso zote mbili zimefunikwa kwa gegedu laini, na kati yake kuna ute unaopunguza msuguano. Kwa umbo hilo mguu unaweza kukunjwa mbele, kupelekwa nyuma, kutanuliwa pembeni, kurudishwa ndani na kuzungushwa. Kuchuchumaa, kusujudu, kupiga magoti na kupanda ngazi ya daladala ni matendo yanayotegemea mienendo hiyo.

Gegedu la kiungo cha nyonga halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute, na ute huo husambaa vizuri pale kiungo kinapobanwa na kuachiliwa katika mwendo. Kwa hiyo kiungo kisichotembezwa hupungukiwa na lishe yake. Aidha, mtu anayekaa kutwa huwa ameziacha nyonga zikiwa zimekunjwa kwa saa nyingi. Misuli ya mbele ya nyonga huzoea kuwa mifupi, na misuli ya makalio hukosa kazi na kusinyaa. Anaposimama, mwili huinama mbele, hatua huwa fupi na miguu huburuzwa. Mguu unaoburuzwa hujikwaa hata kwenye ukingo wa mkeka.

Misuli ya pembeni ya makalio inastahili kutajwa peke yake. Katika mwendo wa kawaida, takriban asilimia 80 ya muda mtu huwa amesimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa hewani. Wakati huo misuli ya pembeni, upande wa mguu uliokanyaga, ndiyo inayozuia fupanyonga lisiporomokee upande wa pili. Daktari mpasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza jambo hilo mwaka 1895, na kipimo chenye jina lake kingali kinatumika: mgonjwa husimama kwa mguu mmoja, na fupanyonga likishuka upande wa mguu ulioinuliwa, misuli ya pembeni ya nyonga iliyobeba uzito ni dhaifu au kiungo chake kina hitilafu.

Uthabiti wa mwili

Mwili husimama bila kuanguka kwa kupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka katika nyayo, misuli na viungo. Ubongo huunganisha habari hizo na kuiamuru misuli irekebishe msimamo kwa haraka. Sehemu moja ikidhoofika, nyingine hujaribu kuziba pengo. Mtu mwenye mtoto wa jicho hutegemea zaidi nyayo zake, na mwenye kisukari ambaye nyayo zimeingia ganzi hutegemea zaidi macho yake. Ndiyo maana huyu wa pili hutembea vizuri mchana, kisha akaanguka usiku umeme ukikatika.

Hata habari zikifika salama, amri ya ubongo haina faida ikiwa misuli ya nyonga haina nguvu ya kuitekeleza au kiungo kimekakamaa. Mtu akiyumba sana, hatua moja ya haraka ndiyo humwokoa, na hatua hiyo huanzia nyongani. Kwa sababu hii ulegevu wa nyonga, nguvu ya misuli na uthabiti wa mwili havitenganishwi katika mazoezi.

Ushahidi uliopo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaofariki zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60.

Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki 23,407 kutoka nchi 25, wote wakiwa wazee wanaoishi majumbani mwao. Yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kasi ya kuanguka kwa asilimia 23. Yaliyothibitika zaidi ni yale ya kusimamisha mwili imara na ya kuiga matendo ya kila siku, kama vile kuinuka kitini na kupiga hatua kuelekea pande mbalimbali. Kwa upande wa kutembea peke yake, ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba kunazuia kuanguka. Kutembea kuna manufaa mengi kwa moyo, kwa sukari na kwa hali ya moyoni, lakini anayetaka kuimarisha hatua zake anahitaji kuongeza mazoezi yanayomfundisha mwili kusimama.

Kabla ya kuanza

Kinachohitajika ni mkeka, kiti imara kisicho na magurudumu kilichoegemezwa ukutani, na sakafu kavu. Kandambili zivuliwe, kwani huteleza na kupindika. Mtu afanye akiwa pekupeku au amevaa viatu vilivyobana vizuri. Anayevaa kanga au kitenge aifunge juu ya vifundo vya miguu ili asiikanyage. Aliyewahi kuanguka afanye akiwa na mtu karibu. Mazoezi yasifanywe mara baada ya mlo mzito wala wakati wa kizunguzungu, na anayetumia dawa za kisukari asiyafanye akiwa na njaa.

Mwili upashwe moto kwanza kwa kutembea hapo hapo chumbani au uani kwa dakika tatu hadi tano. Pumzi isizuiwe wakati wowote. Mtu atoe pumzi anapojikaza na kuivuta anapolegea.

Mazoezi ya mkekani

Zoezi la kwanza ni kuvuta goti kifuani. Mtu alale chali, akunje goti moja na kulivuta taratibu kuelekea kifuani kwa mikono iliyoshika nyuma ya paja, huku mguu wa pili ukiwa umenyooka sakafuni. Akae hivyo kwa sekunde 15 hadi 30, kisha abadilishe. Arudie mara mbili au tatu kila upande. Mguu uliokunjwa hufungua nyuma ya nyonga, na ulionyooka huvuta misuli ya mbele iliyofupishwa na kukaa. Mguu wa chini ukiinuka wenyewe kutoka sakafuni, hiyo ni ishara kwamba misuli hiyo imekaza; goti lisivutwe hadi mwisho.

Zoezi la pili ni kufungua magoti. Akiwa bado chali, akunje magoti yote mawili na kukanyaga sakafu kwa nyayo. Aliachie goti moja liende pembeni polepole hadi pale anapohisi mvuto mdogo kinenani, kisha alirudishe. Kiuno kisiinuke wala kuzunguka. Afanye mara 8 hadi 10 kila mguu.

Zoezi la tatu ni daraja. Katika mlalo huo huo, akaze makalio na kuinua kiuno hadi mabega, nyonga na magoti viwe katika mstari mmoja. Ashikilie kwa sekunde tatu hadi tano, ashuke taratibu, na arudie mara 8 hadi 10. Kazi ihisiwe makalioni. Ikihisiwa mgongoni, kiuno kimeinuliwa kupita kiasi. Anayeshindwa aanze kwa kuinua kiuno kidogo tu, hata upana wa kiganja.

Asiyeweza kushuka mkekani afanye mazoezi haya matatu kitandani. Kitanda hulegea zaidi kuliko sakafu, lakini faida hubaki.

Mazoezi ya kusimama

Zoezi la nne, ambalo pengine lina manufaa kuliko mengine yote, ni kuinuka kitini. Mtu akae nusu ya mbele ya kiti, miguu ikitengana kwa upana wa nyonga na visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Ainamishe kifua mbele, asimame wima kabisa, kisha akae polepole bila kujitupa. Anayeanza anaweza kusukuma kiti kwa mikono. Nguvu zikiongezeka atumie mkono mmoja, na baadaye akunje mikono kifuani. Aanze na mara 5 na kuongeza hadi 10. Kushuka polepole kuna thamani sawa na kupanda, kwa kuwa ndiko kunakomrudishia mtu uwezo wa kuchuchumaa na kuketi chini.

Zoezi la tano ni kupeleka mguu pembeni. Asimame nyuma ya kiti akikishika kwa mikono miwili. Vidole vya miguu vikitazama mbele, ainue mguu mmoja pembeni bila kuinamisha mwili upande wa pili, ashikilie kwa sekunde mbili na kuurudisha. Afanye mara 8 hadi 10 kila mguu. Mguu uliosimama nao hufanya kazi kubwa, na wengi hushangaa kuuona ndio unaochoka kwanza.

Zoezi la sita ni kupeleka mguu nyuma. Katika msimamo huo huo, goti likiwa limenyooka, mguu upelekwe nyuma kwa kukaza makalio. Mwendo wake ni mfupi. Kifua kikiinama mbele, mguu umepelekwa mbali mno. Nalo lifanywe mara 8 hadi 10 kila upande.

Zoezi la saba ni ngazi nne za kusimama. Ya kwanza ni kusimama miguu ikiwa imegusana ubavu kwa ubavu. Ya pili, kisigino cha mguu mmoja kiwe kando ya kidole gumba cha mwingine. Ya tatu, kisigino kiwe mbele ya vidole vya mguu wa pili, vikigusana katika mstari mmoja. Ya nne ni kusimama kwa mguu mmoja. Kila ngazi ishikiliwe kwa sekunde 10 pasipo kuyumba ndipo mtu apande inayofuata. Msaada nao upunguzwe kwa hatua: mikono miwili kitini, mkono mmoja, kidole kimoja, kisha mikono ikae juu ya kiti bila kukigusa. Kufumba macho si kwa anayeanza.

Kiasi na maendeleo

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya uthabiti na ya nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Mazoezi saba yaliyoelezwa huchukua takriban dakika 20 hadi 25. Anayeona ni mengi aanze na matatu: daraja, kuinuka kitini, na ngazi za kusimama. Ni bora kufanya machache mara tatu kwa wiki kuliko kufanya yote siku moja na kulala siku sita kwa maumivu.

Misuli isiyozoea kazi huuma kidogo siku ya pili, na hilo halina madhara. Maumivu madogo yanayotulia ndani ya saa 24 yanakubalika. Yakizidi hapo, idadi ipunguzwe kwa nusu katika zamu inayofuata. Maumivu makali ya ghafla kinenani, au kiungo kukwama, ni sababu ya kuacha na kumwona mtaalamu. Mabadiliko hayaji kwa siku chache. Yanahitaji wiki kadhaa za kurudia, na mtu akiacha, faida hupungua tena. Kwa hiyo inafaa mazoezi yafungwe na jambo la kila siku, kama vile baada ya swala ya asubuhi, au wakati wa kusubiri chai ichemke.

Wanaopaswa kuonwa kwanza

Maumivu ya kiungo cha nyonga mara nyingi huhisiwa kinenani, na pengine huteremka hadi gotini. Anayeuma makalio au kiuno huenda tatizo lake liko mgongoni, ingawa mwenyewe huliita nyonga.

Wagonjwa wa selimundu wanahitaji uangalifu wa pekee, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Kichwa cha fupa la paja kinaweza kukosa damu na kufa sehemu, hata kwa kijana wa miaka 20. Mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu ya kinena au anayechechemea apigwe picha kabla ya kupewa mazoezi. Hali hiyo hiyo huwapata waliotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu na wanaokunywa pombe nyingi.

Maumivu ya nyonga yanayoambatana na homa, kupungua uzito au kuamka usiku yachunguzwe, kwani kifua kikuu huweza kushambulia kiungo hiki. Aliyebadilishwa nyonga kwa upasuaji afuate masharti ya daktari wake, maana baadhi ya mienendo iliyoelezwa hapa, hasa kukunja goti hadi kifuani, inaweza kukatazwa kwake kwa muda. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, na mguu uliovimba na kuuma ghafla upande mmoja ni sababu za kwenda hospitali, wala si za kufanya mazoezi.

Mzee aliyeanguka akashindwa kukanyaga, hasa ikiwa mguu unaonekana mfupi na umegeukia nje, achukuliwe kuwa amevunjika nyonga. Asikandwe, asivutwe, asipelekwe kwa mwunga mifupa. Alazwe, mguu utulizwe kwa mito au nguo zilizokunjwa, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wahudumu wa afya

Wazee wengi hawasemi kwamba wameanguka, ama kwa kuona haya ama kwa kuogopa kuzuiwa kutoka nyumbani. Inabidi waulizwe. Maswali matatu yanatosha kuanzia: je, ameanguka katika mwaka uliopita, je, anahisi kuyumba anaposimama au kutembea, na je, anaogopa kuanguka. Jibu moja la ndiyo linadai kipimo.

Vipimo havihitaji mashine. Mgonjwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi yumo hatarini. Ngazi nne za kusimama nazo ni kipimo: asiyeweza kushikilia ngazi ya tatu kwa sekunde 10 yumo hatarini. Mpimaji asimame karibu, tayari kumdaka. Shinikizo la damu lipimwe akiwa amelala, kisha baada ya kusimama kwa dakika moja na dakika tatu; namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, dawa zake zipitiwe upya. Macho yakaguliwe, na nyayo za mwenye kisukari ziguswe.

Zoezi lionyeshwe, kisha mgonjwa alifanye mbele ya mhudumu. Kumwambia mtu "fanya mazoezi" na kumfungulia mlango hakujabadilisha hatua ya mtu yeyote. Panapokuwa na mtaalamu wa fiziotherapia, arejeshwe kwake. Pasipokuwapo, kiti kimoja na dakika kumi za mhudumu aliyezoea vinatosha kuanzia.

Nafasi ya familia

Aliyeanguka mara moja huogopa, na anayeogopa hupunguza mwendo. Mwendo ukipungua, misuli hupungua, na kuanguka kwa pili huwa karibu zaidi kuliko kwa kwanza. Jamaa wanaomkalisha mzee wao hufanya hivyo kwa upendo, na upendo huo hauna haja ya kukemewa. Unaweza kuelekezwa kwingine. Mjukuu aliyekuwa akileta maji akaushe uani palipo na utelezi. Binti aliyekuwa akileta chakula asimame kando ya kiti wakati mama yake akihesabu kuinuka kwake mara tano. Taa iwekwe njia ya chooni, na upau imara wa kushika ukazwe ukutani kwa usawa wa mkono wake.

Huyo mama wa miaka 66 huenda asirudi kubeba ndoo, wala hapana ulazima. Ila kuketi mkekani na wenzake, kisha kuinuka bila kumwomba mtu mkono, ni jambo ambalo bado anaweza kulifanyia kazi. Kazi hiyo inaanza na kiti kimoja kilichoegemezwa ukutani.